Bibi si samaki

Kazi yangu ni mazoezi ya viungo: nawafundisha wazee kutembea bila kuanguka. Ijumaa iliyopita nimeusikia tena ule msemo wa samaki. Kijana kamleta mama yake kutoka Mabatini, mtaa wa mlimani hapa Mwanza, bibi wa miaka 74, kaanguka mara mbili tangu mvua zianze. Nikaeleza mpango wangu: kutembea ubavuubavu, kurudi kinyumenyume, kuvuka vizuizi, kugeuka bila kushika ukuta. Kijana akanisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema, "Daktari, samaki mkunje angali mbichi. Umri wa mama umekwenda, hawezi kushika mambo mapya. Mpe dawa ya magoti na fimbo, inatosha." Mama yake akaitikia kwa kichwa.

Kule kuitikia ndiko kulikoniuma. Watoto wakisema hivyo nimezoea. Mgonjwa mwenyewe akishaamini, nusu ya kazi yangu imeharibika kabla hajavua viatu.

Mzee anajifunza mwendo mpya. Anakwenda taratibu, anahitaji kurudia mara nyingi kuliko mjukuu wake, lakini anajifunza, na alichojifunza kinabaki. Bibi huyuhuyu, pesa za simu zilipoingia nchini mwaka 2008 alikuwa keshavuka miaka 55. Leo anatuma, anapokea, na makato anayajua kuliko mwanawe. Hakuna aliyemwambia habari za samaki siku anafundishwa kubonyeza namba ya siri.

Nguvu za misuli sitazisemea sana, suala hilo lilishajibiwa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake huko Marekani walichukua wazee 10 wenye umri wa wastani wa miaka 90, dhaifu, wanaoishi kwenye nyumba ya kulelea wazee, wakawanyanyulisha uzito kwa wiki 8. Kwa wale 9 waliomaliza, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na kasi yao ya kutembea kisigino kwa vidole, yaani kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, ikapanda kwa asilimia 48. Kundi ni dogo, nakubali. Hata hivyo misuli ya miaka 90 iliitika.

Kinachonitoa machozi ni siku ya kwanza. Familia hukaa kwenye benchi na kumpima mzee kwa dakika ishirini za mwanzo. Anavuka ufito wa kwanza vibaya, wa pili anaukanyaga, wa tatu anasimama na kunitazama. Hapo mtoto anaguna: "Umeona, daktari?" Nimeona, ndiyo. Nimeona mtu anayefanya jambo kwa mara ya tatu maishani mwake. Alivyofanya leo ni kitu kimoja, alichojifunza ni kitu kingine, na hicho cha pili hakionekani leo. Kinaonekana Jumatano, akirudi, kabla sijamkumbusha chochote. Ndiyo maana kipimo changu nakifanya mwanzoni mwa ziara inayofuata, wala si mwishoni mwa ziara ya leo. Mwishoni mwa somo kila mtu anaonekana kajua.

Kuna jambo linalozidisha mkanganyiko huu. Nikitaka bibi apendeze mbele ya mwanawe, nitamrudisha zoezi lilelile mara ishirini mfululizo. Atanyooka, familia itapiga makofi. Nikitaka akumbuke wiki ijayo, nitachanganya: ubavu mara mbili, kizuizi kimoja, kinyumenyume hatua nne, kisha ubavu tena upande mwingine. Atakosea zaidi na atachoka kichwa. Shea na Morgan walionyesha jambo hili mwaka 1979 kwa vijana na kazi za mikono: waliochanganyiwa walifanya vibaya wakati wa mazoezi na wakakumbuka vizuri zaidi baadaye. Kwa wazee na miguu ushahidi hauko wazi kiasi hicho, nami siku hizi huanza na kurudiarudia kwa ziara moja au mbili, ndipo nachanganya. Huo ni uamuzi wa mkono wangu. Mwenzangu anayechanganya tangu siku ya kwanza sina hoja ya kumshinda.

Jingine ni maneno. Jamani, maneno! Mzee yuko katikati ya chumba, mguu mmoja hewani, na watu watatu wanamwelekeza: inua goti, nyoosha mgongo, tazama mbele, usiogope. Mwili hauongozwi na mahakama. Tangu mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake wamekuwa wakionyesha kwamba mtu hujifunza mwendo vizuri zaidi akili yake ikiwa kwenye kitu cha nje kuliko ikiwa kwenye viungo vyake. Tafiti zilizofanywa kwa wazee hazikubaliani zote, lakini chumbani kwangu tofauti naiona. Sisemi "inua goti". Nachora mistari miwili ya chaki sakafuni nasema, "Bibi, huo ni mtaro, usiukanyage." Basi.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Igombe, mvuvi aliyestaafu. Kutembea kisigino kwa vidole juu ya mstari kulimshinda ziara mbili nzima, jasho linamtoka, mikono kaitanua kama anayeanguka. Ziara ya tatu nikaufuta mstari nikamwambia, "Mzee wangu, ule ni ubao wa mtumbwi, na ziwa limechafuka kidogo." Magoti yakalegea yenyewe. Vidole vya miguu vikajikunja kushika sakafu, mikono ikashuka hadi usawa wa kiuno, na akapita hatua kumi na mbili akiangalia mbali, ukutani, kama anatafuta nchi kavu. Sote tulinyamaza. Mpaka leo najiuliza kama nilimfundisha au nilimkumbusha alichokuwa nacho tangu ujana. Labda katika umri huo mambo hayo mawili hayatenganiki. Kama ndivyo, basi kumuuliza mzee alifanya kazi gani ni sehemu ya matibabu, na ningelaumu mafunzo yetu kwa kulipita haraka.

Tafadhali pia acheni kumshika mkono. Ukimshika mkono wa juu, umembebea mizani ya mwili wake, na mwili haujifunzi kazi inayofanywa na mwingine. Simama nyuma yake kidogo, upande ulio dhaifu, mikono tayari. Usizungumze naye akiwa bado anajifunza. Mwaka 1997 Lundin-Olsson na wenzake wa Sweden waligundua kwamba wazee wanaosimama pindi wakisemeshwa njiani walianguka zaidi katika miezi 6 iliyofuata. Fikiria njia za Mabatini: kila mlango una salamu, na "mwangaluka" ya Kisukuma haijibiwi kwa neno moja. Kutembea huku ukiitikia ni zoezi kamili. Nalifundisha, ila wiki ya nne au ya tano.

Kabla ya yote hayo, yapo ya haraka: pima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, kagua vidonge vyake, kagua macho, mvue kandambili zilizolika. Aliyeanguka akapoteza fahamu, au mwenye kifua kinachombana, anaanza kwa daktari kabla ya kuja kwenye chaki zangu. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani linashauri walio na miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya mizani na nguvu walau siku 3 kwa wiki. Siku 3, nyumbani, kando ya meza nzito.

Nina hofu moja. Sakafu yangu ni tambarare. Bibi anakoishi, ngazi zimechongwa juu ya mawe, hakuna iliyo sawa na nyingine, na mvua ikinyesha maji yanapita hapohapo. Nimewahi kuwaona wazee wakifanya vizuri sana chumbani, na kipimo cha kuinuka kitini, kwenda mita 3 na kurudi wakikimaliza chini ya sekunde 12, kisha wakashindwa kushuka mlima wao wenyewe. Siku hizi ziara mbili za mwisho nazifanya nyumbani kwa mgonjwa kila ninapoweza. Kila ninapokosa nauli au muda, najua nimemwacha nusu ya safari.

Ijumaa ile, kabla hawajaondoka, nilichora mtaro wa chaki. Bibi akakusanya kitenge kwa mkono wa kushoto, akaupima kwa macho, akavuka. Kisigino kikagusa mstari wa pili. Akarudi mwenyewe, bila kuambiwa, akavuka tena. Mwanawe alikuwa anaangalia simu.

Jumanne wanarudi. Nimemwomba kijana akae nje, kwenye benchi la mapokezi, na chaki nitaichora bibi akiwa ameshaingia peke yake.