Msimfanye Jackie Chan Mpiga Mateke Tu

Juma lililopita, kwa mara ambayo sasa nimeshindwa kuihesabu, kijana mmoja aliingia katika chumba changu cha uhariri wa filamu hapa Lamu, akaketi juu ya ndoo kwa kuwa kiti kimejaa nyaya, akaniambia: "Ami, katika kichekesho chenu cha askari wawili nipe nafasi ya Chris Tucker. Ile ya Jackie Chan mpe yeyote, haina kazi." Nilimpa chai, kisha nikamnyima nafasi zote mbili.

Anayodai kijana huyu husemwa katika kila baraza: kwamba katika filamu ya askari wawili wasiopatana, msemaji ndiye anayechekesha, na mwenziwe ni ukuta wa kurushia mpira. Ushahidi wao daima ni Rush Hour ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Brett Ratner. Basi na tuingie humo humo.

Inspekta Lee, ndiye Jackie Chan, anatoka Hong Kong kwenda Los Angeles kumtafuta binti aliyetekwa nyara, mtoto wa mwanadiplomasia; FBI, shirika la upelelezi la Marekani lisilotaka kuingiliwa, linampa James Carter, askari wa Los Angeles anayeigizwa na Chris Tucker, kazi ya kumweka mbali na uchunguzi. Katika uwanja wa ndege Carter anamfokea mgeni wake, akimwuliza kama anayaelewa maneno yanayotoka kinywani mwake. Tafadhali izimeni sauti mtazamapo sehemu hiyo. Midomo ya Tucker bila sauti ni midomo tu, lakini uso wa Chan unaendelea kutenda kazi: unapokea, unapima, unaficha. Baadaye inafichuka kwamba Lee alikuwa akikifahamu Kiingereza muda wote, na kwamba huwaachia wapenda kusema waseme, ili ajue mna nini ndani yao. Kumbe mtego uliwekwa na mnyamavu, na aliyenaswa ni msemaji! Mzaha wote wa uwanja wa ndege ni wa Lee. Carter aliubeba bila kujua.

Wala msidhani kwamba utulivu huo ni wa kuzaliwa nao. Chan alifunzwa tangu utotoni katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong, na hajaficha jinsi anavyomhusudu Buster Keaton, bingwa wa filamu za kimya aliyechekesha ulimwengu bila kukunjua uso. Mateke ni sehemu ya elimu hiyo, si elimu yote.

Linalonikera zaidi ni neno "serious", ambalo vijana hulitumia kana kwamba kuigiza mtu makini ni kukunja ndita. Lee si makini kwa sababu hana ucheshi. Ni makini kwa sababu mtoto aliyetekwa alikuwa mwanafunzi wake, na kila dakika ambayo Carter anaipoteza kwa maneno ni dakika ya mtoto yule. Ondoeni hofu hiyo, na maneno ya Tucker, ambayo nakiri ni matamu, yatabaki kelele za gatini jahazi inapotia nanga. Danny Glover alilielewa jambo hili katika Lethal Weapon ya 1987: alikuwa na umri wa miaka 40 hivi alipoigiza askari anayetimiza 50, mwenye mke, watoto na kila sababu ya kutaka kufika nyumbani salama. Kichaa cha Mel Gibson, mwenziwe katika filamu hiyo, kinachekesha kwa kuwa upande wa pili yupo mtu mwenye cha kupoteza. Kuhusu 48 Hrs. ya 1982, iliyokuwa filamu ya kwanza ya Eddie Murphy, nitasema tu kwamba anayemsahau mwenziwe, Nick Nolte, hakuitazama.

Hata kirumbizi chetu, mchezo wa fimbo, hakichezwi na fimbo moja. Anayekinga hutazamwa sawa na anayepiga.

Sasa niseme lisilosemwa darasani. Katika kichekesho kimoja niliwahi kukata fremu 12, yaani picha moja moja za filamu, kutoka uso wa mnyamavu; ni karibu nusu sekunde kwa mwendo wetu wa fremu 25 kwa sekunde, kwa kuwa mwenye kazi alilalamika kwamba "hapo hafanyi kitu". Tulipoionyesha, hakuna aliyecheka. Nilizirudisha, wakacheka. Nilipojaribu hesabu hiyo hiyo katika kazi nyingine, haikufaa kitu. Kwa hiyo siamini kanuni yoyote ya muda wa kichekesho, hata zile ninazozifundisha mwenyewe, na kuna siku hushindwa kuamua kama sifa ni za mwigizaji au ni za mkasi wangu.

Kijana wa ndoo alirudi juzi. Nilimtaka anitazame dakika moja, bila kusema wala kutabasamu, huku nikimsomea bei za samaki kwa hasira. Alicheka katika sekunde ya tisa. Nafasi ya Lee ingali wazi.