Je, wajua? Kwa nini mawazo yanakuvamia ukiwa umetulia, na kwa nini kuwa bize peke yake hakutoshi

Mwambie mtu yeyote kwamba una mawazo, labda kodi ya nyumba imekaribia au una mgonjwa, jibu la kwanza utakalopata ni "pumzika kwanza, usiwaze kitu". Unajilaza, unafumba macho, na hapo ndo mawazo yanakuja yote kwa mpigo, hata yale ya mwaka juzi ambayo ulishayasahau. Wengi wakifika hapo wanajilaumu kwamba wana akili dhaifu, hawawezi kujituliza. Sio kweli, na hii ni muhimu sana kuielewa, kwa sababu ushauri wenyewe umesimama juu ya imani isiyo sahihi kwamba ubongo ukikosa kazi unapumzika.

Haupumziki kabisa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati, na ukianza kupiga hesabu ngumu matumizi hayo yanaongezeka kidogo mno, kwa kawaida chini ya asilimia 5. Maana yake ni kwamba ulipokuwa umekaa tu ukiangalia dari, mtambo ulikuwa unafanya kazi karibu kiwango kilekile. Mjerumani Hans Berger, aliyetangaza vipimo vya mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu mwaka 1929, aliona mapema kwamba mawimbi hayakomi mtu akitulia. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake kule St. Louis, Marekani, wakaandika jambo la ajabu zaidi: kuna maeneo ya ubongo ambayo yanachangamka ukiwa huna kazi, na yanapungua nguvu ukipewa kazi! Maeneo hayo yanahusika na kujifikiria wewe mwenyewe, kukumbuka yaliyopita, kupanga ya kesho, kuwaza watu wanakuonaje. Kwa hiyo ukikaa bila shughuli hujazima kitu, umeupa ubongo nafasi ya kuongea na wewe kuhusu wewe.

Na unaongea sana. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walitumia programu ya simu kuwauliza watu 2,250, muda wowote wa siku, unafanya nini, unawaza nini na unajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, watu walikuwa wanawaza kitu tofauti na walichokuwa wanakifanya, na wakati huo furaha yao ilikuwa chini. Hapa inabidi kwenda taratibu maana wengi wao walikuwa Wamarekani wenye iPhone, na pia tafiti nyingine zinaonyesha kwamba huzuni yenyewe inaifanya akili izurure, kwa hiyo hatuwezi kusema lawama yote ni ya kuzurura.

Basi mtu anasema sawa, nitajaza siku yangu kazi. Mwangalie msusi mzoefu: vidole vinagawa nywele, vinaingiza rasta, vinashuka na msuko bila kukosea, na kichwani yuko kwenye ada ya mtoto. Yuko bize kweli, ila akili haipo pale.

Sababu ni kwamba sehemu ya akili inayoshika mambo ya sa hivi ni ndogo, inabeba vitu vitatu mpaka vitano hivi. Ichukulie ni benchi la barazani la watu wanne. Kazi uliyoizoea inakalia nafasi moja tu, zinabaki tatu, wasiwasi anapita anaona pako wazi, anakaa, alafu anaita na ndugu zake. Kazi inayodai ufikiri inajaza benchi lote, wasiwasi akija anasimama pembeni, na mgeni aliyesimama hakai kwenye mazungumzo muda mrefu. Hajafukuzwa na mtu, amekosa pa kukaa.

Sasa mtazame mcheza bao. Mashimo 32, kete 64, kabla hajanyanyua kete inabidi aone ya mwisho itadondokea wapi, kama atakula, akila aanzie kichwa cha kulia au cha kushoto, na mkono utalala shimo gani. Muulize wakati huo kuhusu deni lake uone kama atakusikia! Mikono inafanya kidogo kuliko ya msusi, lakini benchi limejaa.

Tena kuna mabenchi mawili, moja la picha na jingine la maneno, na hapa ndo mimi napapenda zaidi. Emily Holmes na wenzake, Oxford, waliwaonyesha watu filamu ya matukio ya kutisha, kisha baada ya nusu saa baadhi wakacheza Tetris, ule mchezo wa kupanga vipande vinavyoshuka. Wiki iliyofuata waliocheza walijiwa na picha zile mara chache kuliko wengine. Lakini walipojaribu chemsha bongo ya maswali ya maneno haikusaidia. Picha inazuiwa na picha. Baadaye walijaribu kwa watu waliotoka kwenye ajali za barabarani na matokeo yakaelekea hukohuko, ingawa walikuwa wachache, kwa hiyo mwenye majeraha makubwa ya moyo bado anahitaji mtaalamu.

Usiku ndo mgumu, huwezi kucheza bao kitandani. Kwa hilo kuna jaribio la mwaka 2018 la Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani: vijana 57 waliandika kwa dakika 5 kabla ya kulala, wengine waliandika kazi walizomaliza, wengine kazi zinazowasubiri. Mtu angedhani kuandika yanayokusubiri kutakunyima usingizi, lakini hao ndo waliolala mapema, kwa tofauti ya kama dakika 9, na kadiri orodha ilivyokuwa na vitu vingi vilivyotajwa kimoja kimoja ndivyo usingizi ulivyowahi. Walikuwa vijana wenye afya, kwa usiku mmoja tu, ila karatasi na kalamu hazina gharama ya kumzuia mtu kujaribu leo.