Tempo si gridi: kinachovurugika faili la MIDI linapogeuzwa kuwa nota

Mtu anapofungua faili la MIDI (faili lisilobeba sauti, bali maagizo ya nota zipi zipigwe na lini) katika programu ya kuandika nota, kisha akakuta ukurasa umejaa nota za sehemu ya 32, matao yanayounganisha nota moja na nyingine kuvuka kila mstari wa kipimo, na alama za kimya zilizopachikwa mahali ambapo hakuna aliyenyamaza, malalamiko yake huwa yale yale: tempo, yaani kasi ya wimbo, imeharibika. Ushauri anaopewa nao huwa ule ule, yaani abadilishe tempo. Anaitoa kwenye 120 na kuiweka 92, wimbo unapungua kasi, na ukurasa unabaki mchafu vilevile. Malalamiko hayo yanaelekezwa mahali pasipo na kosa, na ushauri huo umepoteza saa nyingi za watu wenye subira.

Tempo, katika faili la MIDI, ni tamko moja tu: robo nota moja inachukua maikrosekunde ngapi. Tamko la 500,000 ni mapigo 120 kwa dakika, na la 600,000 ni mapigo 100. Faili lisipokuwa na tamko lolote, kanuni za mafaili hayo, zilizowekwa mwaka 1988, zinataka programu ichukulie 120, na ndiyo sababu namba hiyo hujitokeza hata katika muziki ambao hakuna aliyekusudia uende kwa kasi hiyo.

Kinachoamua nota itaandikwaje ni kitu kingine kabisa. Mwanzoni mwa faili hutajwa robo nota imegawanywa katika tiki ngapi, yaani vipande vidogo vilivyo sawa, mara nyingi 480 au 960, na baada ya hapo kila tukio, iwe ni kubonyezwa au kuachiliwa kwa nota, huhifadhiwa kwa idadi ya tiki zilizopita tangu tukio lililotangulia. (Upo pia mgawanyo unaofuata fremu za video, lakini ni nadra kuukuta katika faili linalokusudiwa kuandikwa nota.) Tiki hizo ndizo gridi. Ikiwa mgawanyo ni 480, nota inayoanza kwenye tiki ya 480 na kuishia kwenye tiki ya 960 ni robo nota iliyo katika pigo la pili, tempo iwe 40 au iwe 200. Programu inapochora ukurasa hugawanya tiki na kutafuta sura ya nota inayolingana na matokeo, bila kujali zinapita kwa kasi gani. Kutegemea kwamba tempo mpya itasafisha ukurasa ni sawa na kusoma barua polepole kwa matumaini kwamba makosa ya tahajia yatajirekebisha.

Tuchukue mfano wa mpiga kinanda aliyerekodi bila metronomu, yaani mlio unaohesabu mapigo, akapiga kwa mapigo 92 kwa dakika huku programu ikihesabu 120 kimyakimya. Pigo lake moja linachukua takriban sekunde 0.652, na katika muda huo programu, yenye tiki 480 kwa robo nota, imehesabu tiki 626. Kwa hiyo kila kitu alichokidhania kuwa robo nota kimehifadhiwa kama robo nota moja na karibu theluthi ya nyingine, na pigo lake la kwanza la kipimo huangukia kila mara mahali papya. Programu inajitahidi kuandika ilichopewa, na matao yale yote ni uaminifu wake. Sasa mtu huyo akibadilisha tempo kuwa 92, tiki 626 zinabaki 626, isipokuwa sasa zinapita polepole zaidi, na wimbo unazorota hadi mapigo kama 70. Kasi ambayo ilikuwa sawa imeharibiwa, na gridi ambayo ilikuwa mbovu haijaguswa.

Hata usawazishaji, yaani kuzisogeza nota hadi kwenye mstari wa gridi ulio karibu, hausaidii hapa, ingawa watu huukimbilia. Kazi yake ni kuondoa hitilafu ndogo za vidole, tiki 20 au 30 kabla au baada ya pigo. Ukiutumia juu ya gridi isiyo yake, tuseme yenye mstari kila tiki 120 (nota ya sehemu ya 16), nota ya tiki 626 itavutwa hadi 600, ya 1,252 hadi 1,200, na ya 1,878 hadi 1,920, na utapata makosa yaleyale yakiwa nadhifu zaidi na magumu zaidi kuyatambua.

Dawa ni kurudi nyuma hatua moja. Faili lifunguliwe kwanza katika programu ya kurekodi, kama Reaper, Cubase au Logic, na nota zifungwe kwenye muda wa sekunde badala ya mapigo. Kisha mwanzo wa kila kipimo uwekewe alama pale mpigaji alipoupiga kweli, hata kama kipimo kimoja kimekwenda kwa 91 na kinachofuata kwa 94. Nota hazisogei masikioni, lakini zinapata tiki mpya zinazolingana na mapigo halisi. Baada ya hapo ndipo usawazishaji una maana, na hapo ichaguliwe nota ndogo kabisa iliyomo katika wimbo, si ndogo kuliko hiyo; wimbo usio na nota fupi kuliko sehemu ya nane uambiwe hivyo. MuseScore 3, toleo la zamani la programu ya kuandika nota, katika paneli yake ya kuingiza MIDI, ilikuwa na chaguo la kuiarifu kwamba faili ni upigaji wa binadamu, ili ijaribu kuyakisia mapigo yenyewe. Kwa muziki wenye pigo thabiti linafaa kujaribiwa, ila nisingelitegemea kwa mtu anayevuta na kuachia kasi.

Yapo matatizo ambayo kweli ni ya tempo, nayo ni madogo. Faili linaweza kutaja 160 mahali ambapo mtunzi alihisi 80, robo nota zikisimama badala ya nota za sehemu ya nane. Hapo urefu wa nota na tempo vyote viwili hugawanywa kwa mbili kwa pamoja. Katika 6/8, tempo ya faili huhesabu robo nota daima, hivyo 120 ya faili ni 80 ya robo nota yenye nukta (robo nota moja na nusu), na hakuna aliyekosea. Kupunguza kasi mwishoni mwa wimbo huweza kuja kama msururu wa alama za metronomu, ambazo ni bora kuzificha kuliko kuzifuta, kwa sababu zikifutwa wimbo hautapungua tena.

Kwa hiyo, kabla ya kusema tempo imeharibika, ni vema kuwasha metronomu ya programu na kusikiliza. Mlio wake usipoangukia pigo la muziki, gridi ndiyo mbovu. Ukiangukia pigo lakini ukurasa bado ni mchafu, tatizo ni usawazishaji. Ikiwa mlio na muziki vinakubaliana, ukurasa ni safi, na wimbo wote unakwenda haraka au polepole mno, basi hiyo ndiyo tempo, na kubadilisha namba moja kunatosha.