Zoni: supu ya mochi ya Mwaka Mpya nchini Japani

Zoni ni supu yenye mochi ndani yake, inayoliwa Japani asubuhi ya tarehe 1 Januari na siku chache zinazofuata. Wengi huiita ozoni; hiyo "o" ya mwanzo ni ya heshima. Jina lina maana ya vitu mchanganyiko vilivyochemshwa, na kweli kila mkoa una mchanganyiko wake. Mochi ndiyo karibu haikosekani: mchele wa kunata uliolowekwa usiku kucha, ukapikwa kwa mvuke, kisha ukatwangwa ungali moto mpaka punje zipotee na libaki donge linalovutika.

Kyoto hutumia mochi za mviringo zilizochemshwa, ndani ya supu nzito ya miso nyeupe, yaani rojo la soya lililochachushwa, yenye magimbi na figili. Kagawa wanatia mochi iliyojazwa maharage matamu katika miso hiyohiyo. Mgeni hushangaa, lakini utamu na chumvi huelewana vizuri.

Ya Tokyo ni nyangavu, na ndiyo inayodai uangalifu zaidi. Loweka gramu 10 za kombu, mwani mnene uliokaushwa, katika lita 1 ya maji kwa nusu saa. Pasha kwa moto mdogo, uitoe vipovu vinapoanza kupanda. Kombu ikichemka, supu huwa na utelezi na uchungu. Maji yakishachemka zima moto, tia gramu 20 za katsuobushi, yaani jodari mdogo aliyekaushwa kwa moshi na kuparuzwa vipande vyembamba sana. Subiri dakika 2, chuja. Usikamue, maana ukikamua unaleta shombo na ukungu. Chemshia humo vipande vya kuku ukiengua povu, kisha kolea kwa kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kikubwa cha sosi ya soya. Mboga za majani chemsha pembeni.

Mochi za pembe nne, za gramu 50 hivi, choma mpaka zivimbe na kupata madoa ya kahawia. Ziweke bakulini, umimine supu juu. Ukizitokosa katika sufuria ya supu, wanga hutoka na supu hugeuka uji.

Kila Januari wazee kadhaa hukabwa na mochi, wengine hufa. Wakatie vipande vidogo, wanywe supu kwanza koo lilowane, na asile mtu akiwa peke yake.