Kiti cha kukunja: tunayoyaamini dukani na yanayotukuta kambini

Jumapili moja Kigamboni, mzee wetu alikaa kwenye kiti cha ufukweni saa sita mchana na hakuinuka mpaka saa kumi. Tukawa tunaambiana kwamba leo mzee amestarehe. Kumbe mzee amenasa. Kiti kilikuwa kimeinuka shibiri moja tu kutoka mchangani, magoti yake yamepanda juu kuliko nyonga, na kila alipojaribu kusimama kitambaa kilimrudisha chini. Mwishowe akanyoosha mkono: "Mwanangu, hebu nivute. Na mama yako asijue." Ikabidi tumvute wawili.

Kiti kile nilikinunua mimi, na nilikichagua kwa kukibonyeza kwa kidole kama mtu anayechagua embe. Tangu siku hiyo nimekalia viti vya kukunja vya kila namna: Mikumi kambini, Naivasha kwenye vumbi la Safari Rally tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na kwenye misiba isiyo na idadi. Makosa ninayoyasikia dukani ni yaleyale.

"Kikibonyea ndiyo raha yenyewe"

Raha ipo, ya dakika tano. Kitambaa kilicholegea kinafanya kazi kama machela: makalio yanazama, mgongo unapinda, mabega yanakuja mbele, na bomba la mbele la kiti linakubana chini ya mapaja. Ndiyo maana miguu inakufa ganzi kabla hata nyama haijaiva. Kitambaa kizuri kimekazwa kiasi cha kukupokea bila kukumeza. Ukishakaa, pitisha vidole kati ya paja na lile bomba la mbele. Visipopita, kiti hicho si cha mwili wako, hata kama jirani yako anakipenda.

Halafu kuna urefu, ambao karibu hakuna anayeuuliza. Kiti cha kawaida cha mezani kina sentimita 43 hadi 46 kutoka sakafuni. Vingi vya ufukweni vina 20 hadi 30. Vaa viatu utakavyovaa safarini, pima kutoka chini hadi nyuma ya goti, na hiyo namba ndiyo uende nayo dukani. Sisemi kiti kifupi ni kibaya. Kwa kunyoosha miguu mchangani hakina mpinzani, na kwenye tamasha waliokaa nyuma yako watakushukuru. Lakini ukikipeleka kwenye meza ya sentimita 75 utakula pilau huku kidevu kikigusa sahani. Na kwa wazee, wajawazito au mtu yeyote mwenye magoti yanayolalamika, kiti kifupi ni mtego. Hao wanahitaji pia mikono ya kiti iliyo migumu, ya bomba au ya mbao, ya kushikilia wakati wa kuinuka. Mikono ya kitambaa kitupu inapendeza tu, ukiiegemea inakwenda na wewe.

"Kizito ndicho imara"

Hii imetuingia tangu enzi za vitanda vya chuma. Chuma kina uzito karibu mara tatu ya alumini kwa ukubwa uleule, kwa hiyo ukilinganisha viti viwili kwa kuvinyanyua unachopima ni aina ya madini, si uimara. Kampuni ya Helinox ya Korea Kusini, iliyotoka kwa watengenezaji wa nguzo za mahema, ina kiti cha alumini kisichofika kilo moja na kimepimwa kubeba kilo 145. Wakati huohuo kuna viti vya chuma vya kilo nne ambavyo bomba lake ni jembamba kama kopo.

Na viti havivunjikii katikati ya bomba mara nyingi. Vinavunjikia kwenye viungo: kile kipande cha plastiki mabomba yanapokutana, ribiti iliyolegea, mshono wa pembeni unaoshika kitambaa. Hapo ndipo pa kukodolea macho.

Uzito wenyewe lazima abebe mtu. Ndege ndogo za kwenda Serengeti au Maasai Mara kwa kawaida huruhusu kilo 15 za mizigo kwa abiria, na kiti kizito kinakula nafasi ya nguo zako. Kilimanjaro, viti vile vya hema la chakula vinapanda kwenye vichwa na mabega ya wapagazi. Kama unakwenda na gari lako mpaka kambini, basi haya yasikusumbue, chukua kizito ukitaka.

"Kinachezacheza, kibovu hicho"

Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi. Muuzaji anakifungua kiti juu ya vigae, mteja anakitikisa, kinacheza kidogo, anakirudisha. Lakini porini hakuna vigae. Kiti cha miguu minne kilichokazwa kama jiwe, ukikiweka kwenye mizizi ya mkwaju, kitasimama kwa miguu mitatu na mguu wa nne utaning'inia. Mababu walilimaliza hilo zamani kwa kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakichezi popote unapokiweka.

Wanajeshi wa Uingereza kule India walilitatua kwa njia nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa na kiti cha mbao na turubai kilichoitwa Roorkhee, kwa jina la mji wa wahandisi wao. Miguu yake haikugundishwa. Ilichomekwa tu na kukazwa kwa mikanda, hivyo kila mguu ulitafuta ardhi yake. Mwaka 1933 Kaare Klint, mbunifu wa samani wa Denmark, alikichukua kiti hicho akakitengeneza upya, kikajulikana kama kiti cha safari. Chenyewe hakikunjwi, kinafumuliwa vipande. Kwa hiyo kiungo kinachocheza kidogo huenda kimekusudiwa. Kinachotisha ni kile kinacholia mlio wa kukwaruza, au kinachoyumba upande mmoja tu.

Na kwa kuwa tumegusa historia: wanaosema viti vya kukunja ni mambo ya wageni wakaangalie jikoni kwao. Mbuzi ya kukunia nazi, ile ya mbao mbili zinazopishana, inakunjwa na kuwekwa nyuma ya mlango. Amekaa juu yake bibi, amekaa mama, na hakuna aliyeiita kifaa cha kambi. Hata kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, lilikutwa na vigoda vya kukunja.

"Kimeandikwa kilo 120, mimi nina 80, nimepona"

Namba hiyo ni ya mtu aliyekaa akatulia. Ukijiachia ghafla, hata bila kudondoka kutoka juu, kwa kitambo kidogo kiti kinapokea karibu mara mbili ya uzito wako. Sasa mtu wa kilo 80 anayejitupa baada ya kucheza ngoma, piga hesabu. Mpe mtoto wa kukaa mapajani, halafu aegemee nyuma kwa miguu miwili. Acha nafasi kubwa kati ya uzito wako na namba ya kwenye lebo, na wageni wa harusi uwajue tabia zao.

"600D ni kitambaa bora kuliko 300D"

D ni kipimo cha unene wa uzi: mita 9,000 za uzi wa 600D zina uzito wa gramu 600. Basi. Haikuambii uzi umefumwa kwa kubana au kwa kulegea, wala kama mishono ni miwili. Afadhali uulize kama ni poliesta au nailoni, kwa sababu nailoni ikilowa inavutika, na jua letu linaichosha upesi zaidi.

"Kinazama mchangani, nimeuziwa kibovu"

Miguu minne yenye vikanyagio vya duara vya upana wa sentimita 3 inagusa ardhi kwa sentimita za mraba 28 hivi. Kwa mtu wa kilo 80, hiyo ni karibu kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba, wakati nyayo zako ukisimama hazifiki hata nusu kilo. Lazima kizame. Toboa mipira ya tenisi uivishe miguuni, au weka vipande vya ubao, au nunua kile ambacho miguu yake imeunganishwa kwa bomba linalolala chini.

"Alumini haishiki kutu, chumvi hainihusu"

Alumini yenyewe, sawa. Lakini ribiti zake mara nyingi ni za chuma, na vyuma viwili tofauti vikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka ribiti. Na mchanga ndani ya viungo unasaga kama msasa. Kisuuze kwa maji matamu, kikauke kabisa ndipo ukirudishe mfukoni, la sivyo msimu ujao utakitoa kikiwa na koga.

Mzee tulimpeleka mwenyewe dukani mwaka uliofuata. Alichagua kimoja cha sentimita 45 chenye mikono ya bomba, akakaa robo saa nzima bila kuongea, kisha akaanza kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, kikombe cha kahawa mkononi. Muuza duka akashindwa kuvumilia:

"Shikamoo mzee, unanunua au unafanya mazoezi?"

"Marahaba. Kukaa hakujawahi kunishinda," akajibu, akainuka mara ya nne.