Je, wajua kwa nini watu watano tu wanaweza kufichua kasoro nyingi za tovuti?

Tovuti inaweza kutembelewa na maelfu ya watu kwa siku, lakini wanaoijaribu kabla haijafunguliwa mara nyingi huwa watano tu. Hawapigi kura wala hawajazi dodoso. Anaketi mtu mmoja na simu, anapewa kazi ya kufanya, na pembeni yake yupo mwingine anayetazama na kuandika. Akimaliza anaingia wa pili. Wakifika watano shughuli inasimama, na waundaji wanarudi kurekebisha. Kwa nini watano, wala si hamsini?

Hesabu yenyewe ilitolewa mwaka 1993 na Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa maabara ya Bellcore, Marekani. Walipitia matokeo ya miradi kadhaa wakaona kwamba, kwa wastani, mtumiaji mmoja hukumbana na asilimia 31 ya kasoro zote zilizomo. Wa pili naye hukumbana na asilimia 31, ila sehemu yake ni zilezile za mwenzake, kwa hiyo jumla inapanda hadi 52 tu. Wa tatu anaifikisha 67, wa nne 77, wa tano 84. Baada ya hapo kila anayeongezwa anarudia zaidi yale yaliyokwisha kuonekana, na mpaka wafike 15 ndipo unakaribia kuzimaliza. Ni sawa na barabara mbovu: shimo kubwa la katikati kila bodaboda ataliingia, na hakuna haja ya kuwauliza madereva hamsini kama lipo. Vijishimo vya pembezoni ndivyo vinavyotaka wapita njia wengi. Mwaka 2000 Nielsen akaandika makala fupi juu ya jambo hilo, na tangu siku hizo tano imekuwa kama kanuni kwa watu wa kazi hii.

Namba ni sehemu rahisi. Ugumu uko katika kutazama, na hapo afadhali tushuke Tanga.

Chukulia kijana wa Chumbageni ametengeneza tovuti ya kukata tiketi za basi za kwenda Dar es Salaam. Wa kumjaribia anawapata bila shida: stendi ya Kange ina abiria wa kila namna, wanaotoka Pangani, Muheza, Mkinga, na wengi wanasubiri tu. Anamwamkia mama mmoja wa makamo, anaomba dakika zake chache, anampa simu.

Jambo la kwanza la kuangalia ni namna anavyompa kazi. Akisema, “Mama, bonyeza ‘Weka nafasi’,” ameshalivuruga jaribio, kwa sababu amemtajia maandishi yaliyo kwenye kitufe na mama atayatafuta kama anayetafuta jina kwenye orodha. Inatakiwa aseme kama maisha yanavyosema: “Mama, tuseme Ijumaa unataka kwenda Dar kumwona mwanao, na ungependa kuondoka mchana. Kata tiketi.” Kisha anyamaze. Kunyamaza huku ndiko kunakowashinda wengi, maana aliyeijenga tovuti akiona kidole kinaelekea pasipo, roho inamuuma.

“Hapa nibonye wapi, mwanangu?”

“Ungekuwa nyumbani peke yako, mama, ungefanyaje?”

“Ningemwita mjukuu.”

Jibu hilo kijana aliandike kama lilivyo. Limemwambia kwamba ukurasa wa kwanza haujitoshelezi.

Mama anaendelea. Anachagua Ijumaa. Zinatokea saa za kuondoka: 06:00, 09:00, 13:00. Anatabasamu, anabonyeza 06:00. “Saa sita, vizuri. Nitakuwa nimeshapika.” Anaandika jina, anaweka namba ya simu, anafika kwenye malipo, mwisho. Tiketi imetoka. Anaulizwa ameionaje. “Nzuri sana, mwanangu. Hongera. Mungu akuzidishie.”

Basi lake linaondoka saa kumi na mbili alfajiri.

Hapa pana jambo linalostahili kukaliwa kidogo. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9241-11, kilichotoka mwaka 1998 na kurekebishwa 2018, kinachopima urahisi wa kutumia kitu kwa mambo matatu: je, mtu amelifikia lengo lake, ametumia juhudi na muda kiasi gani, na ameridhika? Mama wa Kange ametumia muda mfupi. Ameridhika, na dua ametoa. Lengo ndilo hakulifikia, naye hajui. Kumbukumbu za tovuti nazo hazijui: huko zimeandika kwamba tiketi moja imeuzwa na pesa imeingia. Kosa hili lisingeonekana kwenye dodoso wala kwenye takwimu za wageni wa tovuti. Limeonekana kwa sababu mtu alikuwa amekaa pale, akasikia neno “saa sita” likitamkwa juu ya 06:00. Dawa yake haifiki hata nusu saa ya kazi: andika “saa 12:00 alfajiri”, “saa 3:00 asubuhi”, “saa 7:00 mchana”.

Kwa nini mama alikuwa akisema anayoyafikiria? Kwa sababu aliombwa hivyo mwanzoni. Njia hii ya kufikiri kwa sauti iliingizwa kwenye kazi ya kompyuta na Clayton Lewis wa IBM mwaka 1982, ikiegemea utafiti wa wanasaikolojia Anders Ericsson na Herbert Simon. Hao wawili walionya jambo ambalo waundaji wengi hulisahau. Mtu akitamka tu yanayompitia kichwani, hali ya utendaji wake haibadiliki sana, labda atakwenda polepole. Ukianza kumdai sababu, “kwa nini umebonyeza hapo?”, anaanza kutunga maelezo, na kuanzia hapo hafanyi kazi kama angeifanya peke yake. Maswali ya sababu yangoje mwisho.

Na kwa pwani yetu kuna tahadhari nyingine ambayo vitabu vya Wamarekani haviikazii. Mtu wa Tanga hamwambii mgeni aliyemwamkia kwa adabu kwamba kitu chake kibaya. Atasifu. Ukimuuliza kama angeitumia tena, atasema inshallah, na wewe mwenyewe unajua inshallah hiyo ina uzito gani. Kwa hiyo mimi naona sifa zisiandikwe kabisa kwenye daftari la jaribio. Yaandikwe yaliyofanywa: alirudi nyuma mara ngapi, alisita wapi, aliikaribisha simu usoni kwenye ukurasa upi. Inasaidia pia kumwambia mapema kwamba tovuti ameitengeneza mtu mwingine, hata kama si kweli. Wapo wanaoona huo ni uongo; basi wamwambie tu kwamba inayojaribiwa ni tovuti, yeye hajaribiwi.

Sasa turudi kwenye ile tano, maana imepingwa na imepingwa kwa hoja. Mwaka 2001 watafiti Jared Spool na Will Schroeder walijaribu tovuti nne kwa watumiaji 49 wakakuta watano wa kwanza walifichua asilimia 35 tu ya kasoro. Tovuti kubwa ina njia nyingi, na watu hawapiti njia moja. Mwaka 2003 mtafiti Laura Faulkner aliwajaribu watu 60, kisha akachukua makundi ya watano watano kwa bahati nasibu. Kundi moja liliweza kupata asilimia 99 ya kasoro, jingine likaambulia 55. Kwa watu kumi, kundi lililofanya vibaya kuliko yote lilipata 80. Wastani wa watano ni mzuri, kumbe, lakini anayejaribu mara moja hajui kama amepata kundi zuri au baya.

Halafu kuna suala la watano gani. Vijana watano wa darasa moja la kompyuta pale mjini watasoma 06:00 kuwa saa kumi na mbili alfajiri, wote sawasawa, na kosa la mama halitatokea. Nielsen mwenyewe anasema tano ni ya watu wa aina moja. Watumiaji wakiwa wa makundi mawili yanayotofautiana sana, chukua watatu au wanne kila kundi. Yakiwa matatu au zaidi, watatu kila kundi. Kwa tovuti ya tiketi ningetaka mfanyabiashara anayesafiri kila wiki, mwanafunzi, na mtu ambaye kwa kawaida humtuma mwingine amkatie.

Mwenye fedha za watu 15 basi asiwamalize kwa mkupuo. Ajaribu kwa watano, arekebishe, aite watano wengine, arekebishe tena. Sababu moja ni kwamba marekebisho huzaa makosa mapya. Nyingine ni kwamba kasoro za mbele huzifunika za nyuma. Katika raundi ya kwanza pale Kange huenda wawili wamekwamia kwenye kuchagua tarehe wasiende popote. Ukurasa wa malipo hawakuuona. Tarehe ikishanyooshwa, wa raundi ya pili wanafika kwenye malipo, na ndipo inapogundulika kwamba fomu inakataa namba ya simu inayoanza na sifuri, inataka 255, wala haisemi kokote kwamba ndicho inachotaka.