Ndoo ya Lita 20 Si Kilo 20

Natengeneza mizani hapa Mwanza, na kuna kauli moja imenichosha: "Fundi, lita moja si ndiyo kilo moja?" Juzi nimeisikia tena Mwaloni, Kirumba, kwa mzee aliyeshusha asali kutoka Tabora. Ndoo ya lita 20 kaiuza kwa hesabu ya kilo 20. Lita moja ya asali ina takribani kilo 1.4. Mzee wa watu kaacha kilo 8 katika kila ndoo, na mnunuzi wala hajui kwamba kapata.

Lita ni ujazo, yaani nafasi kinayochukua kitu; kilo ni tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe. Vinalingana kwenye maji, kwa sababu Wafaransa waliipata kilo kwa kupima maji, mwishoni mwa karne ya 18. Nje ya maji kila kitu kina densiti yake, yaani kilo zake kwa kila lita. Mafuta ya kula lita 20 ni kama kilo 18 na nusu. Petroli haifiki 16.

Hayo mepesi. Kinachoniudhi ni dagaa. Ukijaza ndoo, humo mna dagaa na mna hewa katikati yao, na hewa ndiyo inayocheza. Itikise, ibamize chini mara kadhaa: dagaa wanashuka, nafasi inatokea juu, unaongeza. Ndoo ileile, kilo nyingine. Wanaoshindilia magunia ya lumbesa wanalijua hili kuliko wanafunzi wengi. Kitabu kinasema densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo, kisha kinanyamaza. Ujazo upi? Wa samaki peke yao, au wa lundo zima? Kwa lundo sina namba ya kukupa, na simwamini anayekupa moja. Ukipima mara mbili ukapata majibu mawili, hukukosea.

"Basi tuuze kwa kilo, yaishe." Hayaishi. Dagaa walionyeshewa wana kilo za maji, walioanikwa mchangani wana kilo za mchanga, na chembe ya mchanga ni nzito zaidi ya mara mbili na nusu ya maji ya ujazo huohuo. Mizani haichagui. Chota konzi moja, sugua viganjani, tazama kinachobaki kwenye mistari ya mkono.

Mizani ya springi nayo ina lake: inapima mvuto, halafu inaandika kilo. Huku karibu na ikweta mvuto wa dunia ni mdogo kidogo kuliko London. Springi iliyorekebishwa kule ikitumika hapa vilevile ilivyo, mzigo wa kilo 100 itausoma pungufu kwa kama theluthi ya kilo. Kwa tani 10 hizo ni kilo 30 na ushee. Mizani ya mawe haina shida hiyo, maana mvuto unapungua pande zote mbili sawasawa. Ila ligeuze jiwe uangalie chini: mengi ya chuma yana tundu lililozibwa kwa madini ya risasi na kupigwa muhuri. Risasi ikitoka, hiyo si kilo tena.